John Whiting na Watoto Kumi na Sita wa Nyansongo

Mwanafunzi wa sayansi za jamii anapolifikia somo la takwimu za vigeu vingi, aghalabu hukutana nalo likiwa kavu: herufi za Kigiriki, majedwali ya tarakimu, na programu ya kompyuta inayotoa jibu kabla mwenyewe hajalielewa swali. Ni wachache wanaoelezwa kwamba mojawapo ya mifano inayotajwa sana ya matumizi ya takwimu hizo katika utafiti wa malezi ilitokana na watoto wa Abagusii, waliokuwa wakichunga ng'ombe, wakichota maji na kubeba wadogo wao mgongoni kati ya mwaka 1955 na 1957. Watoto hao walikuwa kumi na sita tu. Mtu aliyeongoza safari ndefu ya kuwageuza kuwa nukta katika mchoro, akisaidiana na mkewe, aliitwa John Wesley Mayhew Whiting. Jina lake lingali linatajwa popote panapofundishwa anthropolojia ya kisaikolojia, japo katika vijiji vya Kisii na Nyamira huenda halijulikani na yeyote.

Whiting alizaliwa tarehe 12 Juni 1908 katika kijiji cha Chilmark, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kilikuwa kisiwa cha wakulima na wavuvi. Chilmark yenyewe ilipata sifa ya pekee kwa kuwa wakazi wengi walizaliwa viziwi kwa kurithi, na majirani zao wenye kusikia walitumia lugha ya ishara katika shughuli za kila siku bila kuona ajabu yoyote. Haitakuwa haki kudai kwamba kijiji hicho ndicho kilichomfanya kuwa mwanaanthropolojia. Hata hivyo, mtoto aliyekulia mahali pa namna hiyo hakuhitaji kuambiwa na mwalimu kwamba mambo yanayoonekana ya kawaida pamoja yanaweza kuwa kioja kwingine.

Alisomea Chuo Kikuu cha Yale na kupata shahada ya uzamifu mwaka 1938. Yale ya miaka hiyo ilikuwa mahali pa mchanganyiko. Katika taasisi yake ya mahusiano ya binadamu walikutana wanasaikolojia waliochunguza jinsi panya wanavyojifunza, wafuasi wa Freud waliochunguza ndoto, na wanaanthropolojia waliotoka vijijini na madaftari yenye vumbi. Whiting alichota kwa wote watatu. Mwaka 1936 na 1937 aliishi miongoni mwa Wakwoma wa New Guinea, katika bonde la mto Sepik, akifuatilia jinsi mtoto mchanga anavyofinyangwa hadi kuwa Mkwoma kamili. Kitabu kilichotokana na safari hiyo kilichapishwa mwaka 1941. Ni kitabu kizuri, lakini mwandishi wake aliuona upungufu ulio katika kila utafiti wa kijiji kimoja. Mtafiti anaweza kusema kwamba Wakwoma huwalea watoto wao hivi, na kwamba watu wazima wa Kikwoma wako vile. Hawezi kusema kwamba hivi ndivyo vilivyosababisha vile. Hana cha kulinganishia.

Mwaka 1938 alimwoa Beatrice Blyth, ambaye naye alikuwa akisomea anthropolojia pale pale Yale na akapata uzamifu wake mwaka 1943, baada ya kufanya utafiti miongoni mwa Wapaiute wa magharibi ya Marekani. Katika masimulizi mengi ya maisha ya wataalamu mke hutajwa kwa sentensi moja, kisha akasahaulika. Hapa haiwezekani. Kazi kubwa zaidi kati ya zote zinazohusishwa na jina la Whiting ilichapishwa mwaka 1975 jina la Beatrice likitangulia, na mengi ya yale yanayosemwa kuhusu Nyansongo yalipitia mikononi mwake.

Suluhisho la kwanza la tatizo la ulinganishi lilipatikana maktabani. George Peter Murdock, mwalimu huko Yale, alikuwa ameanzisha kazi ya kukusanya maandishi yote yaliyopatikana kuhusu mamia ya jamii za ulimwengu na kuyapanga kwa mada, ili anayetaka habari za ndoa au mazishi azipate zote mahali pamoja. Baada ya vita vikuu vya pili, ambapo Whiting alitumikia Jeshi la Majini, yeye na mwanasaikolojia Irvin Child waliutumia utajiri huo. Mwaka 1953 walichapisha utafiti uliolinganisha jamii 75. Walikadiria kwa alama ukali wa kila jamii katika kumwachisha mtoto ziwa, kumfunza usafi wa choo, kumzuia asitegemee wengine na kumkanya asigombane, kisha wakatazama kama alama hizo ziliandamana na imani za jamii hiyo kuhusu chanzo cha maradhi. Baadhi ziliandamana. Jamii zilizokuwa kali katika mambo ya kunyonya na kula, kwa mfano, zilielekea kuamini kwamba ugonjwa huingia kwa kupitia kinywani.

Njia hiyo ilikuwa na adui wa zamani. Mwaka 1888 Edward Tylor aliwasomea wanachama wa taasisi ya anthropolojia ya London makala iliyohesabu uhusiano kati ya mila za ndoa katika jamii nyingi. Francis Galton, aliyekuwa akiongoza kikao, akauliza swali ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake: atajuaje kwamba mila hizo zilizuka kila moja peke yake, na si kwamba jamii moja iliiga kwa jirani au zote zilirithi kwa babu mmoja? Ikiwa jamii kumi ni ndugu, basi kuzihesabu kumi ni kumhesabu shahidi mmoja mara kumi.

Hakuna mahali ambapo swali la Galton linaeleweka upesi kama kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Oyugis. Mwaka 1964 Whiting alichapisha hoja iliyoshangaza wengi, kwamba tohara ya wavulana ina uhusiano na hali ya hewa. Mnyororo wake ulikuwa hivi. Katika nchi za joto zenye mvua nyingi watu hutegemea vyakula vyenye protini kidogo. Watoto wakapatwa na kwashakoo. Ili maziwa ya mama yasikatike mapema, jamii zikaweka mwiko mrefu wa wazazi kutokutana baada ya kujifungua. Mwiko huo ukachochea ndoa za wake wengi. Ndoa hizo zikaandamana na desturi ya mke kuhamia kwa mume. Na mvulana aliyelala na mama yake kwa miaka kadhaa, katika jamii inayotawaliwa na wanaume, akahitaji tendo zito la kumtoa kwa akina mama na kumwingiza kwa akina baba. Kila pingu ya mnyororo ilikuwa na takwimu zake, na kila moja ilishikana na inayofuata.

Sasa msomaji na asimame Oyugis. Upande mmoja wanaishi Abagusii, wanaotahiri. Upande wa pili wanaishi Waluo, ambao kwa mila yao hawakutahiri, bali waling'oa meno ya mbele ya chini. Mvua inayonyesha ni ya ziwa lilelile. Pande zote mbili zilikuwa na ndoa za wake wengi, na pande zote mbili bibi arusi ndiye aliyehama. Kwa mujibu wa mnyororo wa Whiting, tofauti hiyo haina mahali pa kukaa. Ni kweli kwamba mfano mmoja hauvunji uwiano wa kitakwimu, kwa kuwa uwiano husema juu ya mwelekeo wa wengi na wala si sheria ya kila mmoja. Hata hivyo mpaka huo mfupi unaonyesha nguvu ya swali la Galton. Abagusii ni Wabantu, na majirani wao wa mashariki, Wakipsigis, nao hutahiri. Waluo walikuja na mila zao kutoka bonde la Nile. Historia inaeleza katika sentensi moja jambo ambalo mvua imeshindwa kulieleza. Whiting aliufahamu udhaifu huu vizuri kuliko wengi wa waliomkosoa, na alitafuta namna ya kuchagua jamii zilizo mbalimbali kijiografia ili undugu usiharibu hesabu. Lakini kishawishi cha mnyororo hakikumwacha. Alikuwa mtu aliyependa dhana kubwa, na huenda kama asingelikuwa hivyo hata ule utafiti uliomfikisha Nyansongo usingefanyika.

Jambo jingine lililomkera katika kazi ya maktabani lilikuwa la kawaida zaidi. Wasafiri na wataalamu walioandika juu ya jamii za dunia walikuwa wameandika kwa kirefu juu ya wafalme, mahari na matambiko, lakini walipofika kwa mtoto kalamu ziliishiwa wino. Mtu hawezi kupima kisichoandikwa. Hapo Whiting, ambaye tangu mwaka 1949 alikuwa Chuo Kikuu cha Harvard, akaungana na Child wa Yale na William Lambert wa Cornell kupanga utafiti wa namna mpya: badala ya kusoma vitabu vya wengine, wangepeleka watafiti sita au jozi za watafiti katika sehemu sita za dunia, wote wakiwa na mwongozo mmoja, wakitazama mambo yaleyale kwa njia ileile. Shirika la Ford lilitoa fedha. Thomas na Hatsumi Maretzki walikwenda Taira katika kisiwa cha Okinawa. William na Corinne Nydegger walikwenda Tarong nchini Ufilipino. Leigh Minturn na John Hitchcock walikwenda Khalapur nchini India. Kimball na Romaine Romney walikwenda Juxtlahuaca nchini Mexico. John na Ann Fischer walibaki Marekani, katika mji uliopewa jina la Orchard Town. Robert na Barbara LeVine walikuja Kenya.

LeVine alikuwa mwanafunzi wa Harvard mwenye umri wa miaka ishirini na kitu. Jamii aliyoiandika kwa jina la Nyansongo ilikuwa katika nyanda za juu za Gusii, wakati Kisii na Nyamira zote zilipokuwa bado sehemu ya wilaya kubwa ya Nyanza Kusini chini ya serikali ya kikoloni. Aliwakuta watu wa wimbi, mahindi na ng'ombe, wanaoishi katika miji iliyotawanyika juu ya vilima, kila mke na nyumba yake. Wanawake ndio waliobeba mzigo wa shamba. Jembe halikumngoja mtoto mchanga akue, kwa hiyo mama alimkabidhi mtoto kwa yaya ambaye naye alikuwa mtoto, dada au kaka wa miaka mitano, sita au minane hivi. Kwa Ekegusii yaya huyo huitwa omoreri. Si neno la sifa wala la huruma. Ni jina la kazi, kama mpishi au mchungaji. Wavulana walipokuwa wakubwa kidogo walikwenda malishoni. Shule zilikuwako, ila hazikuwa zimemeza utoto wote wa kila mtoto.

Katika kila jamii walichaguliwa watoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na mmoja. Jamii nne zilitoa watoto 24 kila moja, Juxtlahuaca ikatoa 22, na Nyansongo 16. Jumla yao ni 134, nusu wasichana na nusu wavulana. Mtoto alitazamwa kwa dakika tano, kisha akaachwa, kisha akatazamwa tena siku nyingine akiwa mahali pengine, na kila alichomtendea mwenzake au alichotendewa kikaandikwa. Madaftari yalipofika Harvard na kuchambuliwa yalitoa takriban vitendo 20,000. Vitendo hivyo vilipangwa katika mafungu kumi na mawili: kusaidia, kubembeleza na kutia moyo, kuelekeza kwa manufaa ya wengine, kuomba msaada, kutaka kuangaliwa, kutaka kuwa juu ya wengine, kukaripia, kupiga, kutusi, kucheza mieleka ya utani, kugusana na kuongea kwa urafiki.

Hapa ndipo takwimu za vigeu vingi zilipoingia, na inafaa kueleza ni kwa nini zilihitajika. Mtafiti mwenye mafungu kumi na mawili anaweza kulichukua kila fungu peke yake na kuuliza ni watoto wa jamii gani walioongoza. Atapata majibu kumi na mawili yasiyozungumza. Akichagua fungu moja analolipenda, tuseme kupiga, atatangaza kwamba watoto wa kijiji fulani ni wakali kuliko wa kwingine, na gazeti litaichapa habari hiyo kwa furaha. Mafungu hayo hayaendi peke yake. Mtoto asaidiaye huwa pia ni mtoto aelekezaye. Yule aombaye msaada mara nyingi ndiye atakaye kuangaliwa. Kinachotakiwa ni kuyatazama yote kwa pamoja na kuuliza yamejipanga vipi.

Mbinu waliyoitumia Beatrice na John Whiting yaweza kuitwa upimaji wa pande nyingi. Mfano wake umo katika kurasa za mwisho za ramani nyingi za Kenya, pale penye jedwali la umbali kati ya miji. Mtu akipewa jedwali hilo peke yake, lenye maili kutoka Kisii hadi Keroka, Keroka hadi Nyamira, Nyamira hadi Kericho, Kericho hadi Kisumu, na kadhalika, anaweza kuichora upya ramani bila kuiona. Ataweka miji kwenye karatasi na kuisogezasogeza mpaka umbali wa penseli ulingane na umbali wa jedwali. Haitalingana barabara, maana njia za Gusii zina kona nyingi, lakini itakaribia. Sasa mahali pa miji viwekwe vitendo vya watoto, na mahali pa maili uwekwe ulinganifu: vitendo vinavyoandamana vihesabiwe kuwa karibu, visivyoandamana viwe mbali. Karatasi itakayopatikana ni ramani ya tabia.

Kuna jambo moja ambalo jedwali la maili halisemi. Halisemi kaskazini ni wapi. Mchoraji ndiye anayeigeuza karatasi mpaka imkalie vyema, kisha akaandika jina la kila upande. Mwanafunzi anayejifunza mbinu hii au binamu yake, uchanganuzi wa faktori, ambao Minturn na Lambert waliutumia mwaka 1964 kuchambua mahojiano ya akina mama wa jamii hizohizo sita, anapaswa kuliweka hili akilini. Kompyuta hupanga nukta. Majina ya mihimili hutoka katika kichwa cha mtu.

Akina Whiting waliona mihimili miwili. Wa kwanza ulikuwa na kusaidia, kubembeleza na kuelekeza upande mmoja, na kuomba msaada, kutaka kuangaliwa na kutaka ukubwa upande wa pili. Waliuita mhimili wa ulezi na uwajibikaji dhidi ya utegemezi na ubwana. Wa pili ulikuwa na urafiki, kugusana na mieleka ya utani upande mmoja, na kukaripia na kupiga upande wa pili. Huo wakauita mhimili wa usuhuba dhidi ya mabavu. Walipowaweka watoto wa jamii sita juu ya ramani hiyo, wale wa Nyansongo walisimama kileleni kabisa mwa ulezi na uwajibikaji. Wale wa Orchard Town, watoto wa Wamarekani wenyewe, walisimama mkiani. Lakini kwenye mhimili wa pili watoto wa Nyansongo walikuwa upande wa mabavu, ilhali Orchard Town ilikuwa upande wa usuhuba.

Thamani ya kazi hiyo yote imo katika tokeo hili. Watoto walewale waliosaidia na kubembeleza kuliko wote ndio waliokaripia na kupiga. Mtafiti ambaye angetumia kipimo kimoja, cha wema kwa mfano, angewapandisha watoto wa Abagusii mbinguni. Ambaye angetumia kipimo kimoja cha ukali angewashusha. Na ambaye angechukua wastani wa viwili angewaweka katikati, mahali ambapo hakuna hata mtoto mmoja wa Nyansongo aliyekuwapo. Kwa yeyote aliyewahi kuachiwa mdogo wake mama akiwa shambani, mshangao haupo. Mtoto wa miaka saba aliyekabidhiwa roho ya mwingine hana muda wa kushauriana. Atambeba, atambembeleza, na yule wa miaka mitatu anayesogelea moto atapigwa kofi. Ulezi na amri vimo katika mkono mmoja.

Maelezo ya akina Whiting wenyewe yalikwenda mbali zaidi. Mhimili wa kwanza waliuhusisha na ugumu wa maisha ya kiuchumi: katika jamii za wakulima wadogo ambako mama ana kazi nyingi, watoto hupewa kazi zenye maana, na kazi hizo huwafunza kujali, katika jamii zenye matabaka, serikali na shule nyingi, mtoto hushindana. Mhimili wa pili waliuhusisha na muundo wa familia: wazee wa ukoo wanapomiliki mali na mamlaka, watoto huiga amri, baba na mama wanapolala, kula na kuamua pamoja, watoto huiga usuhuba. Ni maelezo ya kuvutia. Ila hapa Whiting hana budi kulaumiwa kidogo. Jamii ni sita. Ukizigawa tatu kwa tatu kwa uchumi, na tatu kwa tatu kwa familia, umekwisha zitumia zote. Huwezi kujua kama ni kazi, au shule, au idadi ya wadogo, au urefu wa siku ya mama shambani, kwa sababu vigeu hivyo vyote vilifika Nyansongo vikiwa vimefungwa kamba moja. Vitendo 20,000 havikuongeza hata jamii moja.

Jibu bora la lawama hiyo lilitoka ndani ya madaftari yenyewe, na linaelekea kuwa na alama ya mkono wa Beatrice. Badala ya kulinganisha jamii kwa jamii, walilinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Mtoto yuleyule, katika kijiji chochote kile, alibembeleza alipokuwa na mchanga, akaomba alipokuwa na mzazi, akacheza na kugombana alipokuwa na rika lake. Jamii basi ilimfinyanga mtoto hasa kwa kuamua ashinde na nani. Omoreri hakuwa na moyo wa aina nyingine. Alikuwa na mtoto mgongoni.

Jibu la pili lilipatikana kilomita chache tu kutoka Kisii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Carol Ember alifanya utafiti miongoni mwa Waluo wa Oyugis, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1973. Aliona kwamba katika nyumba ambazo hazikuwa na msichana wa umri unaofaa, mvulana ndiye aliyetwikwa kazi za jikoni, maji na wadogo. Hakuna aliyemchagua kwa upole wake. Alichaguliwa na bahati ya uzazi. Wavulana hao tabia yao ilikuwa katikati, kati ya wavulana wengine na wasichana, na ukali wa kujinufaisha ulipungua. Kilichoshindikana kutenganishwa na mihimili ya jamii sita kilitenganishwa na nyumba zisizo na binti.

Utafiti wa Ember ulikuwa tunda la kituo ambacho Whiting alikianzisha nchini Kenya. Mwaka 1966, kwa fedha za shirika la Carnegie, alifungua kitengo cha utafiti wa ukuaji wa watoto katika Chuo cha Nairobi, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hadi mwaka 1970. Kitengo hicho kilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vijana wa Kenya walifunzwa humo pamoja na wageni jinsi ya kutazama, kuandika na kuhesabu, na wengi wa watazamaji walitazama jamii walizozijua kwa lugha. Sara Nerlove alirudi Nyansongo mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwatazama watoto wapya. Mwaka 1972, pamoja na Roger Shepard na yuleyule Kimball Romney wa Juxtlahuaca, alihariri kitabu cha majuzuu mawili kuhusu upimaji wa pande nyingi. Kwa hiyo njia kati ya vilima vya Gusii na mbinu hiyo ya takwimu ilikanyagwa kwa miguu. Akina Whiting wao waliweka kambi yao Ngecha, karibu na Limuru, wakifuatilia familia za Wakikuyu wakati akina mama walipokuwa wakiingia katika uchumi wa fedha na kuanza kutaka watoto werevu wa darasani mahali pa watoto watiifu wa shambani.

Kitabu cha watoto wa jamii sita kilipotoka mwaka 1975, mdogo kabisa kati ya wale kumi na sita wa Nyansongo alikuwa amepita umri wa miaka ishirini. Tangu mwaka 1974 Kenya ilikuwa imefuta karo katika madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi, na omoreri wa miaka sita alikuwa ameanza kuondoka asubuhi akiwa na daftari, kwenda kukaa kutwa nzima na watoto wa rika lake. Kwa ramani ya akina Whiting wenyewe, huko ni kuhama upande. Robert LeVine, aliyekuwa amerudi Gusii na kundi jipya la watafiti kati ya mwaka 1974 na 1976 kuchunguza watoto wachanga na mama zao, aliikuta nchi iliyojaa watu na mashamba yaliyogawanywa vipande vidogo. Nukta ya Nyansongo ilibaki pale pale vitabuni, kileleni, ikiwa na tarehe isiyoandikwa ya mwaka 1956 hivi.

Whiting alistaafu Harvard akarejea kisiwani. Alifariki huko Chilmark, kijiji alichozaliwa, tarehe 13 Mei 1999, akiwa na umri wa miaka 90. Beatrice aliendelea na kazi ya Ngecha akisaidiwa na Carolyn Edwards, aliyekuwa mwanafunzi wao. Alifariki Septemba 2003, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata.